Mbiu ya Kila Jumapili

Ketaki alikuwa na ndoto moja iliyokuwa ikimrudia, na ndani yake alikuwa anaongea. Hakuna zaidi. Haruki angani, haolewi na mwana wa mfalme. Yuko kibarazani kwao Shantipur, ukungu umelala juu ya mabati, anamwambia jirani kwamba paka wake ameiba samaki tena. Sauti inayomtoka ni ya mwanamke mtu mzima, ina joto, ina kicheko kilichojificha chini yake, na wala haimshangazi mtu. Jirani wa ndotoni anajibu tu, "Paka huyo hana adabu, shoga, mchape," na wote wawili wanaendelea kuutazama ukungu. Kisha Ketaki anaamka, anamwita mama yake amuulize kama chai iko tayari, na kinachomtoka kooni ni marehemu baba yake.

Ngojeni nieleze vizuri, maana kuna watu wakisikia neno kama hilo wanakimbilia mizimu. Hakuna mzimu hapa. Baba yake, Bholanath, alikuwa mpiga mbiu. Alikuwa akikaa kwenye riksho na kipaza sauti kilichofungwa kwa kamba, anazunguka mji mzima kutangaza kwamba sarakasi imekuja, mtoto amepotea, maji yatakatika kesho. "Sikilizeni, wenye mji, sikilizeni!" Ndivyo alivyoanza siku zote. Sauti nzito, pana, na mafundi wa kufuma walikuwa wakisimamisha vitanda vyao vya kufumia ili waisikie. Ketaki alipobaleghe, wakati huo bado anahesabiwa mtoto wa kiume na ana jina jingine, sauti yake ilivunjika, na ilipotulia ikawa ile ile ya baba, hupati tofauti. Jina hilo la zamani sitalitaja. Mwenyewe amelitua, na mimi siokoti mizigo ya watu.

Bholanath alikufa ghafla asubuhi moja, moyo, akiwa anafunga kamba za viatu. Ketaki alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake Pulak kumi na mmoja. Haukupita mwezi, sarakasi ikaingia mjini na hakuna wa kuitangaza, wakamwomba Ketaki apande riksho, siku moja tu. Akapanda. Jamani, mji ulisimama! Wanawake walitoka milangoni na mikono yao ina unga, muuza tambuu akajifunika uso kwa taulo. Pulak alikuwa juu ya paa anarusha tiara. Alishuka mbio bila viatu, analia "Baba! Baba!", akaikimbiza riksho mpaka karibu na stesheni. Aliona ni nani aliyekaa pale. Alipanda, akalaza kichwa kwenye mapaja ya nduguye, akasinzia huku mbiu ikiendelea juu yake.

Ketaki hakupanda riksho tena. Alikwenda kuajiriwa katika duka la sari la Bwana Pramanik. Kanda pekee aliyowahi kurekodi baba ilioza kwenye mafuriko, ndani ya sanduku, pamoja na picha za harusi. Kwa hiyo sauti ya Bholanath ikabaki duniani mahali pamoja tu, katika koo la mtu ambaye hakuipenda imkae.

Pulak alipofika miaka kumi na minane alikwenda Surat kufanya kazi kwenye mashine za kufuma, siku mbili kwa treni kutoka nyumbani. Kila Jumapili alasiri, siku yake ya kupumzika, alipiga simu. Aliuliza habari za mama, akauliza habari za dada yao mkubwa Minoti aliyeolewa Ranaghat, halafu anasema, "Haya, nipigie." Na Ketaki anavuta pumzi mpaka tumboni: "Sikilizeni, wenye mji, sikilizeni! Kijana Pulak, mwana wa Bholanath, ameonekana Surat anakula wali mkavu bila samaki! Mwenye huruma ampelekee hata mkia!" Pulak anacheka mpaka anakohoa. Baadaye unasikia pumzi zake tu, halafu anasema asante na kukata.

Ketaki alikuwa na miaka ishirini na saba alipowaambia watu wa nyumbani kwamba yeye ni mwanamke, na kwamba ameshaanza kumeza dawa. Mama alilia mwezi mzima. Mwezi wa pili alikwenda sokoni akarudi na pini za nywele, akazitupa kitandani kwa Ketaki kwa hasira, "Hizo zako za plastiki zinakatika ovyo." Pulak alijibu kwenye simu. "Vaa utakavyo," alisema. "Jiite utakavyo, nitakuita hivyo. Koo niachie." Ketaki akacheka kwa furaha, akasema sawa, chukua. Hakujua kwamba koo nalo linafundishika. Mwenzangu, alitoa ahadi bila kuifungua aone kuna nini ndani.

Vidonge vilimlainisha ngozi na vikampa kifua. Koo havikuligusa. Mwanamke wa aina ya Ketaki akishabaleghe kwa upande ule mwingine, hakuna kidonge kitakachoirudisha sauti ilikotoka, na daktari alimwambia hivyo bila kumzungusha. Basi mambo yakawa hivi: akipita njiani na sari yake ya pamba na kitone chekundu kwenye paji la uso, watu walimtazama mara moja wakaendelea na yao. Akifungua mdomo, nyuso zinabadilika. Kazi yake dukani ilikuwa kupokea maagizo ya sari kwa simu, na kutwa nzima ni "Kaka, ile nyekundu ipo? Kaka, mtanitumia lini?" Kwenye behewa la wanawake hakuthubutu hata kumuuliza mtu saa. Mtaani wakaanza kumsifu, Ketaki mpole, Ketaki hana maneno. Mpole wapi! Yule ana mdomo kuliko redio. Alikuwa amefungwa tu.

Akajaribu kujifunza peke yake, na alikosea kama wengi wanavyokosea. Aliwasikiliza wakamwana wa kwenye tamthilia za televisheni, wale wanaolia vipindi mia mbili, akaibana sauti mpaka ikawa uzi. Siku ya kwanza kuitumia dukani, mteja wa Kolkata alimsikiliza vizuri kabisa, kisha akamwambia kwa upole, "Mtoto mzuri, hebu mpe mama simu." Bwana Pramanik alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake. Ketaki alikwenda stoo, akakaa juu ya marobota, akalia kwa hasira. Hata kulia kwenyewe kulitoka kwa sauti ya baba, ikabidi aume ncha ya sari.

Mtu mmoja akamwelekeza Krishnanagar kwa Mandira, mama wa miaka sitini hivi, mwalimu wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenye kigugumizi na watu waliopooza kurudi kusema. Sebule yake ilinuka dawa ya mbu na maua. Mandira alimsikiliza Ketaki akiongea ile sauti ya tamthilia, akamwinulia mkono.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Mwalimu."

"Basi mbona unalialia? Unafikiri mwanamke ni wembamba? Wembamba hata birika la chai linao likichemka. Mimi hapa sauti yangu nzito, na hakuna aliyewahi kuniita kaka." Akamsogelea, akamwekea vidole viwili kooni kwa upole. "Sema jina lako."

"Ketaki," akasema Bholanath.

"Umesikia imekaa wapi? Imekaa kifuani, imestarehe, imekunja miguu. Sisi hatuifukuzi. Tunaiita ije huku." Akamgusa chini ya pua na kwenye mashavu. "Kaa mbele ya uso wako. Funga mdomo, vuma. Siyo kwa nguvu. Vuma mpaka midomo ikuwashe."

Ndivyo alivyoanza. Kila Alhamisi Krishnanagar, na kila alfajiri juu ya paa la nyumba yao. Alipanda na glasi ya maji na mrija, akapuliza mapovu huku akivuma, sauti inapanda ngazi na kushuka, polepole, bila kukaza shingo. Ukungu wa mtoni unakuwa bado haujaondoka. Chini yake vitanda vya kufumia vinaanza kimoja kimoja, taka-tak, taka-tak, mpaka mtaa mzima unafuma, na Ketaki anavuma katikati ya mlio huo macho yamefumbwa. Kulikuwa na asubuhi ambazo hakujua kama ameshaamka. Mvumo ulimjaa usoni, ukamwasha puani na kwenye meno, na aliona kama sauti ile ya ndotoni imekaa mahali karibu, nyuma ya ukungu tu, inamsikiliza akiiita. Hakuikimbilia. Mandira alikuwa amemwonya kwamba mwenye pupa anaumiza koo.

"Ketaki!" jirani mfumaji alimpigia kelele kutoka chini. "Una mzinga wa nyuki huko?"

"Ndiyo, njoo nikurinie asali!"

"Asali yako naijua, ina miiba!"

Miezi ikaenda. Alijifunza kwamba sentensi ina wimbo wake, kwamba kuna maneno ya kuyapandisha na mengine ya kuyaachia yaanguke laini, na kwamba ukisema huku umekaribia kutabasamu sauti yenyewe inasogea mbele. Lakini kulikuwa na kitu kinaharibika. Kila Jumatatu aliamka na koo limechubuka, na sauti iko kule kule kifuani imekunja miguu. Jumanne inainuka kidogo. Jumatano ni nzuri, Alhamisi karibu kabisa. Jumatatu tena, chini.

Mandira alivumilia miezi minne. Kisha akaweka miwani mezani. "Jumapili unafanya nini?"

"Nafua nguo, Mwalimu."

"Usinifanye mjinga. Kuna mtu anaivunja kazi yangu kila Jumapili, na simuoni."

Ketaki akamweleza yote, riksho na sarakasi, kanda iliyooza, Pulak na "haya, nipigie." Alipomaliza, Mandira alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya sari, na alikasirika kwa sababu ya machozi yale. "Mimi sikukatazi," alisema. "Koo ni lako na ndugu ni wako. Lakini kikoromeo hakijui huruma, kinajua mazoea tu. Siku sita unakifundisha wewe, ya saba anakifundisha marehemu, na marehemu ana nguvu kukushinda. Utabaki hapo hapo mpaka uzeeke. Amua unataka kuamka na sauti ya nani."

Jumapili iliyofuata simu iliita alasiri kama kawaida. Ketaki alikuwa amekaa juu ya paa. Akapokea.

"Pulak, mdogo wangu, u mzima?"

Huko bwenini Surat mtu alikuwa anagonga sufuria.

"Samahani," akasema Pulak kwa adabu, "nimekosea namba." Akakata.

Ketaki akaikodolea simu. Ikaita tena.

"Hujakosea," akasema haraka. "Ni mimi."

"Mpe Ketaki simu."

"Pulak, acha utoto. Ndiye huyu."

Pulak akasema polepole. "Nilikuomba kitu kimoja. Sari, nilisema sawa. Jina, nilisema sawa. Humu bwenini walinicheka, nikapigana na wawili, mmoja nikamtoa jino. Sikukwambia kwa sababu si kitu. Kitu kimoja tu ndicho nilichokuomba."

"Najua."

"Basi nipigie. Leo tu, halafu uendelee na mambo yako."

Koo la Ketaki likaanza kushuka lenyewe, kama lilivyozoea. Alilisikia likishuka. "Sitakupigia," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Nikikupigia leo, kesho naamka nimekuwa yeye. Kila Jumatatu naamka nimekuwa yeye, Pulak. Nampenda mno. Lakini huyo si mimi, na mimi nimechoka kutokuwepo."

"Sawa," akasema Pulak. "Mpe Mama simu."

Tangu siku hiyo alipiga simu ya mama peke yake. Jumapili kumi zikapita. Ketaki alikaa juu ya paa alasiri zile zote, simu iko pembeni yake, na tiara za watoto wa watu zinaelea juu ya mji bila sauti. Alimkumbuka Pulak sana. Na sauti, kwa kuwa hakuna tena aliyeibomoa, ilianza kuja. Ilikuja bila kelele. Siku moja katikati ya juma, mteja wa Bardhaman alipiga simu dukani na kusema, "Dada, samahani kwa usumbufu, ile sari ya kijani yenye pindo la samaki bado ipo?" Ketaki akajibu kwamba ipo, akaandika anwani, akaagana naye vizuri. Akaweka simu chini na kukaa. Dada! Alitaka kucheka, alitaka kutoka nje aingie katikati ya barabara. Na mtu aliyetaka kumwambia wa kwanza alikuwa Pulak.

Vuli ikafika, sikukuu ya mungu wa kike Kali ikapita na taa zake, na siku mbili baada yake ni siku ya alama ya ndugu. Asiyeijua siku hiyo kwetu hayupo. Dada anafunga tangu jioni, hali wala hanywi, asubuhi anamkalisha ndugu yake wa kiume mkekani, anamtia alama ya liwa kwenye paji la uso, na huku anasema yale maneno ya kumwambia Mfalme wa Mauti kwamba mlango wake umezibwa kwa miba, ndugu huyu hapiti. Maneno yanasemwa kwa sauti. Kuyanong'ona hakufai, na kuyasema moyoni ni sawa na kutoyasema. Zamani Minoti aliwatia alama wote wawili, Pulak na Ketaki. Miaka minne hii Ketaki hakukaa tena mkekani, wala hakutia alama. Siku hiyo ikifika alijificha jikoni anakaanga mikate ya luchi, na hakuna aliyemuuliza.

Siku moja kabla, Pulak alifika kutoka Surat amekonda, na ndevu. Alimsalimu mama, akainama kumgusa miguu. Alimwona Ketaki mlangoni, naye akainama akamgusa miguu, maana adabu anayo, lakini hakumtazama usoni. "Karibu," alisema Ketaki. Pulak aliitikia kwa kichwa, akiutazama ukuta. Siku nzima ilikuwa hivyo. Ketaki akiongea chumbani, Pulak anakumbuka ana shughuli uani. Ketaki akitoka uani, Pulak anataka kulala.

Minoti aliwasili jioni na vikapu vyake na sauti yake ya kuamrisha, akawaona, akaelewa yote kabla ya kuvua kandambili. Alitoa kabatini vibakuli viwili vya liwa akavipanga mezani.

"Viwili vya nini?" Pulak akauliza.

"Mwaka huu tuko dada wawili," alisema Minoti. "Kila mmoja na kibakuli chake. Wewe una paji la uso moja, lakini ni pana, tutatosha."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo, hujasema. Kesho mkekani utasema. Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kuinuka, inuka, mlango unaujua. Lakini hutamkalisha tena mtu jikoni kama mtumishi wa shughuli."

Pulak akatoka nje. Mama akaanza kumlaumu Minoti kwa kumwudhi mtoto aliyetoka safari. Ketaki alijua kwamba ndugu akiinuka mkekani wakati dada amenyoosha kidole, hilo si jambo la kusameheana wiki ijayo. Huo ndio mwisho wao.

Alfajiri alitoka na Minoti kwenda kukusanya umande, kwa sababu kwao liwa husagwa kwa umande, hawatumii maji ya bomba. Nyasi zilikuwa nyeupe. Maua ya vuli yalikuwa yameanguka chini ya mti, meupe yenye shina la rangi ya machungwa, na yaliendelea kuanguka huku wanatazama, bila upepo. Waliinama kimyakimya na vipande vya kitambaa, wakivipangusia kwenye nyasi na kuvikamua kikombeni, tone, tone. Ketaki aliona kama yuko ndani ya ile ndoto, isipokuwa koo lilikuwa limekauka kama mchanga. Mandira alimfundisha asiseme neno kabla ya kunywa maji ya uvuguvugu.

"Kunywa bwana," alinong'ona Minoti. "Nani anakuona?"

"Wewe umekunywa?"

"Mimi sina mashaka na koo langu."

"Basi na mimi sinywi. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza, Minoti. Nitaifanya yote."

Minoti alimtazama, akampangusa umande wa shavuni kwa kidole gumba. Wakarudi kusaga liwa.

Jua lilipochungulia uani Pulak alikaa mkekani, ameoga, nywele zimechanwa, miguu ameikunja. Taa ndogo iliwaka mbele yake na sahani ya mpunga na nyasi changa. Minoti alianza. Alichovya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akamtia alama, akasema maneno. Akachovya tena, akasema tena. Akachovya mara ya tatu. Mama akapiga vigelegele. Minoti akamwekea mpunga kichwani, akamlisha peremende ya maziwa, akamvuta sikio, akaondoka mbele yake.

Ketaki akapiga magoti pale alipotoka Minoti. Kila mtu alikuwa anayatazama magoti ya Pulak. Hayakusogea, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa mkeka pande zote mbili, kama mtu anayetaka kujisukuma ainuke. Ketaki akachovya kidole. Akavuma kidogo sana, midomo imefungwa, mpaka uso ukamwasha. Akamgusa paji la uso, chini ya alama ya Minoti, na akaanza kusema.

Ilitoka. Kavu kwa saumu, ya mwanamke mtu mzima, na haikushuka. Alimtaja ndugu yake, alimtaja Mfalme wa Mauti, aliuziba mlango kwa miba, na neno la mwisho likaanguka laini kama alivyotaka. Vigelegele vya mama vikakwama. Pulak alikuwa amefumba macho na machozi yanamtiririka ndevuni.

"Baba amekufa," akasema.

"Ushindwe!" Minoti akaruka. "Neno gani hilo? Leo? Mkekani?"

"Amekufa." Alisema kama mtu aliyeletewa habari mlangoni sasa hivi. "Miaka kumi na miwili sijamlilia. Ningemliliaje? Mtu naongea naye kila Jumapili." Halafu akalia kwa nguvu, mdomo wazi, mabega yanaruka, kilio cha mtoto wa miaka kumi na mmoja kwenye mwili wa mwanamume mwenye ndevu.

Ketaki alibaki na kidole hewani, liwa inakauka. Njia aliijua. Ni kukishusha kikoromeo tu, kuulegeza uso, kusema neno lile moja la kuanzia mbiu, na mtoto huyu atanyamaza. Koo lilishaanza kuteremka. Alilizuia hapo hapo, na uchungu wa kulizuia ukamjia machoni, naye akalia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kumlilia baba yake kwa sauti hiyo, na alimlilia sana, amepiga magoti, mkono wa kushoto umeinuliwa ili liwa isimwagike. Mama alikaa chini kizingitini na kujifunika ushungi wa sari. Minoti alisimama katikati yao na karai la luchi linaungua jikoni, na hakwenda kulitoa.

Mwishowe Pulak akajipangusa uso kwa mkono wa shati lake jipya. Alimtazama Ketaki, usoni hasa, kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akamsogezea paji la uso.

"Malizia, Dada," akasema. "Bado mara mbili, na miguu imeshaniingia ganzi."

Ketaki akachovya kidole.